Chujio na Kilichochujwa: Uhakiki wa Mbinu za Kuhoji Mikusanyo ya Fasihi Simulizi ya Singida kwa TypeScript

Mkusanyo wa fasihi simulizi ukiwa kitabu tumezoea kuuhakiki: nani alikusanya, kutoka kwa fanani gani, kwa lugha ipi, na nini kiliachwa nje. Mkusanyo huohuo ukihamishiwa kwenye programu, maswali hayo hunyamaza, kana kwamba msimbo ni kabati tu la kuhifadhia. Uhakiki huu unaipinga dhana hiyo. Unadai kwamba kutamka aina ya data katika TypeScript ni kutoa dai la kinadharia kuhusu fasihi, nalo linapaswa kutetewa sawasawa na dai lolote la sura ya pili ya tasnifu.

Tuanze na jina la lugha, ambalo ni tatizo jepesi. Wanyaturu wa Singida hujiita Arimi, na lugha yao huitwa Kinyaturu au Kirimi. Olson, katika tasnifu yake ya 1964 kuhusu fonolojia na mofolojia, aliiita Rimi; Schneider, katika kitabu chake cha 1970 kuhusu watu wa Wahi, alitumia jina la Wanyaturu. Mtafiti anayeunganisha kumbukumbu za vyanzo mbalimbali, kisha akaandika `rekodi.filter(r => r.lugha === "Kinyaturu")`, atapata safu safi isiyo na kosa wala onyo, nayo itakuwa imeacha kila kilichoandikwa Kirimi. Tiba yake ni kuipa kila lugha alama moja na kuyaweka majina yake yote kando.

Utanzu ni suala zito zaidi. Mulokozi, katika makala yake ya 1989 kwenye jarida la Mulika, aligawa fasihi simulizi katika tanzu sita, na mgawanyo huo unaingia katika TypeScript bila shida:

`type Utanzu = "mazungumzo" | "masimulizi" | "maigizo" | "ushairi" | "semi" | "ngomezi";`

Kompaila itakataa neno lolote nje ya hayo sita, na hilo ni faida halisi kwa anayenakili rekodi usiku huku amechoka. Hatari imo katika mstari unaofuata. Katika rasimu ya kwanza ya mkusanyo wangu niliandika `utanzu: Utanzu`, yaani kila rekodi ina utanzu mmoja. Ngano zikawa masimulizi. Nilipochuja ushairi, nyimbo zinazoimbwa ndani ya ngano, zile ambazo hadhira huziitikia, hazikuonekana hata moja, nami nilikuwa nimekwisha kuandika aya inayosema kwamba nyimbo za watoto ni adimu katika vijiji nilivyovitembelea. Aliyeniokoa ni msimamizi wangu, aliyeuliza uko wapi ule wimbo niliouimba mwenyewe semina. Wimbo ulikuwamo kwenye data tangu mwanzo. Aina niliyoitamka ndiyo iliyoufukia.

Kosa hilo haliwezi kusingiziwa Mulokozi, kwa kuwa yeye alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio lenye fanani, hadhira na muktadha. Nilikuwa namnukuu kwenye sura ya nadharia huku msimbo wangu ukimkana. Kutamka `tanzu: Set<Utanzu>` na kuchuja kwa `r.tanzu.has("ushairi")` kunairudisha ngano katika hali yake. Hata hivyo tahadhari inabaki: `Map.groupBy`, ambayo TypeScript iliitambua katika toleo la 5.4 la 2024, hukitia kila kipengele katika kundi moja tu. Anayetaka ngano ihesabiwe pande zote mbili sharti aipanue kwanza kwa `flatMap`.

Seti yenyewe ina mtego wake. Vitendawili viwili vyenye maneno yaleyale, kimoja cha Ikungi na kingine cha Mkalama, vikiingizwa kwenye seti kama matini tupu hubaki kimoja. Mwanahisabati ataona kwamba marudio yameondolewa. Mwanafasihi amepoteza utendaji mzima pamoja na aliyeutenda. Vikiingizwa kama vitu vyenye jina la fanani na mahali, vyote hubaki, kwa sababu seti hulinganisha vitu kwa utambulisho, si kwa maudhui. Mimi nachagua njia hii ya pili, hata kama orodha itarefuka.

Wapo watakaosema kwamba jedwali la kawaida lingetosha. Pengine, lakini jedwali halimlazimishi mtu akiri pengo. Mkalama ilipata kuwa wilaya mwaka 2012, ikimegwa kutoka Iramba. Ngano iliyorekodiwa Nduguti kabla ya hapo imeandikwa Iramba, na nyingine hazikuandikwa wilaya kabisa. Tangu toleo la 2.0 la 2016, TypeScript ikiwekwa kwenye ukali wake hukataa kulitumia pengo kama thamani mpaka ulishughulikie. Toleo la 3.7 la 2019 lilileta alama `??`, na hapo kishawishi ni kikubwa: `r.wilaya ?? "Iramba"`, kompaila inatulia, ramani inajaa. Nimeziondoa alama hizo zote kwenye nyuga za mahali na za fanani. Jedwali la sura ya nne sasa lina safu mlalo iitwayo “haijulikani”, nayo ni ndefu kuliko nilivyopenda.