Kisu Kinapokoma

Mrina asali hodari hapimwi kwa wingi wa ndoo anazoshusha. Umtazame mkono ukiwa ndani ya mzinga.

Katika misitu ya miombo ya Tabora kazi hii hufanywa jioni au usiku, maana nyuki wa huko ni wakali na mchana hawashikiki. Mzinga wa gogo lililopasuliwa, likachongwa ndani na kufungwa tena, huning'inizwa kwenye tawi, mbali na shina, ili nyegere asiufikie. Mrina hupanda na kienge kinachofuka, akafungua kifuniko cha nyuma, akapuliza kidogo. Kidogo tu, kwani asali iliyonuka moshi haina bei. Kisha kisu. Masega yaliyozibwa kwa nta ndiyo yaliyoiva. Yaliyo wazi yana maji mengi, na ukiyachanganya asali itachacha ndooni. Hukata moja baada ya jingine, akielekea mlango wa nyuki, mpaka kisu kikute sega la majana. Hapo hukoma, ingawa ni giza na hakuna amwonaye. Sega moja au mawili ya asali huyabakiza pia, kwa sababu kundi lenye njaa huhama.

Methali yetu yahimiza tufuate nyuki tule asali. Juu ya kubakiza, kimya.

Si kila mrina anabakiza, nakiri. Mzinga wa gome ni mwepesi na hauna gharama, lakini mti wa mtundu uliochunwa gome pande zote hufa umesimama, na maua yake ndiyo yaliyokuwa asali ya kesho. Hata hivyo, mkoa huohuo hulima tumbaku ya mvuke: msitu hufyekwa kupata shamba, kisha hufyekwa tena kupata kuni za kukaushia. Mwenye mizinga anautaka mti wima. Moto wa mwisho wa kiangazi ukiwaka, yeye ana cha kupoteza. Ndiyo maana naiona busara ya Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002, inayoviwezesha vijiji kutenga hifadhi zao za nyuki.

Kwa Wayao wa Niassa, Msumbiji, kubakiza kunamhusu hata ndege. Humwita ndege huyo, mlembe, kwa mlio maalumu, naye huwaongoza hadi kwenye nyuki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa kwa mlio huo uwezekano wa kuonyeshwa kiota hufika asilimia 54; kwa sauti nyingine haukufika hata 20. Wakishavuna, humtandikia majani mabichi na kumwekea nta. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi nao mara nyingi huizika au kuichoma, ili ndege abaki na njaa aendelee kuongoza. Ni ujanja, na unafanya kazi. Mimi niko upande wa Wayao.