Joto la Duma Lilipimwaje Porini?

Duma anapokatiza mbio na kumwacha swala aende zake, maelezo tuliyoyazoea ni kwamba mwili umechemka. Waongoza watalii husimulia hivyo, na vitabu vya wanyama vimeandika hivyo kwa miaka mingi. Maelezo hayo yalizaliwa maabara, na yalikaa miaka 40 kabla ya mtu kupima joto la duma anayewinda kwa hiari yake mwenyewe. Kipimo kilipofanyika, jibu lilibadilika, na namna lilivyobadilika ni somo zuri kwa yeyote anayetaka kujua mwili wa mnyama pori unavyofanya kazi.

Tuanze na maabara. Mwaka 1973, Taylor na Rowntree wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliwafundisha duma kukimbia juu ya mashine yenye mkanda unaozunguka, wakafuatilia joto la miili yao. Waliona kwamba duma akiwa mbioni hubaki na takriban asilimia 90 ya joto linalotengenezwa na misuli yake. Joto la mwili lilipofika nyuzi 40.5 hivi, duma waligoma kuendelea. Kutokana na hayo ikapigwa hesabu: kwa mbio za kasi kamili, mpaka huo ungefikiwa kabla ya kilomita moja kwisha.

Kipimajoto chao hakikuwa na kasoro, na kazi yao ilikuwa ya uangalifu. Tatizo lilikuwa katika daraja lililojengwa kutoka mkandani hadi mbugani. Mkanda ule haukukaribia hata kidogo kasi ya porini. Mikanda ya shingoni waliyovishwa duma wa Botswana, katika utafiti uliotolewa mwaka 2013, ilinasa kasi ya kilomita 93 kwa saa, na mbio za wastani zilikuwa mita 173 tu. Zaidi ya hayo, juu ya mkanda hakuna swala. Kugoma kukimbilia pasipo na kitu ni uamuzi mmoja, na kuacha kufukuza chakula ni uamuzi mwingine kabisa.

Robyn Hetem, Andrea Fuller, Duncan Mitchell na wenzao, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, walikihamisha kipimo badala ya kumhamisha mnyama. Walikwenda Namibia, kwenye hifadhi ambako duma waliowahi kufugwa walipewa eneo kubwa lenye uzio wajizoeze kuwinda wenyewe. Kila duma alilazwa kwa dawa, na daktari wa mifugo akampasua na kumwekea ndani ya tumbo kinasajoto kidogo: kihisi, betri na kumbukumbu, vyote vikiwa vimefunikwa kwa nta isiyoudhuru mwili. Kifaa kingine kilirekodi mwendo. Kisha mnyama akaachwa arudi kwenye maisha yake, pasipo nyaya wala mtu wa kumshika.

Joto lilirekodiwa kila dakika moja, mwendo kila dakika tano. Tofauti hiyo ya vipindi ina maana yake. Mbio za duma huisha kabla ya dakika kwisha, kwa hiyo joto lililosomwa kila baada ya nusu saa lingeruka tukio zima. Rekodi ya mwendo ndiyo iliyowaonyesha watafiti mahali pa kutazama ndani ya maelfu ya namba za joto.

Matokeo kutoka kwa duma wanne yalichapishwa mwaka 2013 katika jarida la Biology Letters. Duma alipoacha kufukuza, joto lake lilikuwa wastani wa nyuzi 38.4, ambalo ni joto la kawaida la mwili wake. Hakuwa amechemka. Joto lilipanda baadaye, akiwa hakimbii tena.

Msomaji makini atauliza: je, si joto la misuli tu, lililochelewa kufika tumboni? Swali hilo ni la haki, kwa sababu damu huhitaji muda kulisambaza joto. Hapa ndipo naona uzuri wa utafiti huu. Watafiti hawakuishia kwenye mawindo yaliyofanikiwa. Walizipima pia safari ambazo duma alitoka mikono mitupu. Kiasi cha mwendo kilifanana katika hali zote mbili. Lakini baada ya kuua, joto lilipanda kwa nyuzi 1.3, na baada ya kukosa lilipanda kwa nyuzi 0.5 tu. Misuli iliyofanya kazi ileile ingetoa joto lilelile. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ongezeko ilitoka kwingine.

Watafiti walipendekeza kwamba ni joto la taharuki. Duma aliyeua amesimama juu ya nyama ambayo chui, simba au fisi wanaweza kumpora, na wanaweza kumjeruhi wakiipora. Hata duma aliyekuwa ameumia na hakushiriki kuwinda, joto lake lilipanda alipofika kula nyama iliyoangushwa na ndugu zake.

Wanyama wanne ni wachache, na hofu yenyewe haikupimwa moja kwa moja. Ilifikiwa kwa kuondoa maelezo mengine. Lakini hoja kuu imesimama: duma hakatizi mbio kwa sababu ya kuchemka. Na hoja hiyo isingeweza kupatikana Harvard hata kwa mashine bora zaidi, kwa kuwa maabara inaweza kumpa duma mbio, lakini haiwezi kumpa mzoga wa kulinda.

Utakapomwona duma mbugani akihema kando ya swala aliyemwangusha, na kichwa chake kikigeuka huku na huku kabla hajauma nyama, mtazame vizuri. Mbio zimekwisha. Kinachompandisha joto huenda ni kile anachokitafuta kwa macho.