Jinsi Willy Gamba alivyofika Mbagala kabla ya Chachage

Kwa wauza vitabu vilivyotumika jijini Dar es Salaam, Mwenge au Tandika, waandishi wa riwaya za upelelezi Elvis Musiba na Ben Mtobwa hawahitaji kutambulishwa. Mtaje Seithy Chachage, mara nyingi itakubidi ueleze ni nani. Alikuwa mhadhiri wa sosholojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mwanaharakati aliyetetea wanyonge hadi alipofariki Julai 2006. Alituachia riwaya nne, ya mwisho Makuadi wa Soko Huria, mwaka 2002.

Husemwa kwamba wasomaji wa uswahilini hawataki mambo mazito. Siafiki hata kidogo. Musiba aliandika juu ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika na njama za Makaburu, na watu wakasoma mpaka kurasa zikachanika. Siri yake iko kwenye ufundi. Tangu Kufa na Kupona, mwaka 1974, mpelelezi ni yuleyule, Willy Gamba. Aliyemaliza kitabu kimoja anajua atakayemkuta katika kinachofuata. Siasa haihubiriwi, inajitokeza katika hatari anayokabiliana nayo. Mtobwa naye alimtumia mpelelezi wake, Joram Kiango, kwa namna hiyohiyo. Tena wote wawili walikuwa na kampuni zao za uchapishaji, Musiba Continental, Mtobwa Heko, hivyo hawakumsubiri mtu mwingine aamue kama hadithi ya upelelezi inastahili kuchapwa.

Sasa mtazame Chachage. Kisa alichokishika katika Makuadi wa Soko Huria ni cha kusisimua kuliko vingi vya wenzake: mwekezaji anayetaka kufuga kamba kwenye delta ya Rufiji, na wanavijiji wanaogoma kuiachia mikoko yao. Kisa hicho kina mizizi katika mambo ya kweli. Serikali iliukubali mradi wa namna hiyo mwaka 1997, wananchi wakaenda mahakamani, na mabwawa hayakuchimbwa. Lakini riwaya inasimama mara kwa mara ili isimulie historia ndefu ya nchi. Kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu, Mlimani, hapo ndipo penye utamu. Msomaji aliyebanwa kwenye daladala hupoteza uzi, na akishaupoteza hafungui tena.

Linaloniuma ni kwamba Mbagala, wilayani Temeke, ndiyo njia ya kwenda Kibiti na Rufiji. Watu waliotoka huko wamejaa pale. Kitabu kinachowahusu kuliko wengine wote kilibaki upande wa pili wa jiji, kikijadiliwa na watu ambao hawajawahi kukata boriti za mikoko.

Mwandishi wa hadithi za magazetini Eric Shigongo alionyesha kwamba hadithi ikitolewa gazetini kipande kwa kipande humfikia hata asiyenunua vitabu. Sura za Makuadi zinazohusu delta zinatosha kabisa kwa kazi hiyo. Mwenye haki za kitabu akiridhia, anahitajika mhariri mmoja wa kuzikata pale mwanakijiji anapokabwa, na historia ichapwe pembeni, kwenye kisanduku chake.