Mvua ya Manjano

Mimi ni mpenzi wa vipindi vya sayansi, na podikasti zimenifunza mengi ambayo darasani sikuyapata. Radiolab ya Marekani, iliyoanzia redio ya WNYC ya New York mwaka 2002, niliifuata kwa miaka. Jad Abumrad na Robert Krulwich walizungumza kama watu wawili barazani: huyu anauliza, yule anashangaa, nami nasahau chungu mekoni.

Kipindi kimoja cha mwaka 2012 hakijanitoka. Kilihusu “mvua ya manjano”, matone yaliyoonekana katika vijiji vya Wahmong wa Laos baada ya Marekani kuondoka mwaka 1975. Mwaka 1981 serikali ya Marekani ilidai kuwa ni silaha, sumu ya kuvu iliyotoka kwa Warusi. Matthew Meselson wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichunguza, wakakuta chavua tele, wakasema ni kinyesi cha nyuki waliojisaidia angani kundi zima. Hadithi tamu, si uongo: dola kubwa kuaibishwa na mdudu!

Lakini aliitwa pia Eng Yang, mzee wa Kihmong aliyekuwako, na mwandishi Kao Kalia Yang akawa mkalimani wa ami yake. Mzee alisema watu walikufa. Krulwich akambana: je, uliiona ndege ikimwaga? Swali ni halali. Ila lilirudiwa na kurudiwa, hata mkalimani akalia, akilalamika kwamba neno la mtu aliyenusurika linashindanishwa na la profesa wa Harvard. Baadaye Krulwich alisema binti huyo alitaka kuihodhi hadithi nzima. Wasikilizaji wengi walikasirika, naye akaomba radhi.

Sibishani na habari ya nyuki. Lakini nyuki wanaeleza matone yalikuwa nini. Hawaelezi watu waliuawa na nini. Watangazaji walivuka kutoka swali la kwanza hadi la pili bila kutuambia, kwa kuwa hadithi ilikuwa inakwenda vizuri, na mzee akabaki kama kizuizi njiani. Nami nilivuka pamoja nao. Mpaka kilio kiliposikika, nilikuwa upande wa Krulwich, nikimwona mzee anakwepa kujibu.

Jambo moja lazima niwape: kilio kile hawakukikata. Jarida la kitaalamu lisingekichapa.