Nusu ya Kuonana: Salamu katika Barua ya Kiswahili

Utanzu wa barua haujapata nafasi unayostahili katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Tenzi na riwaya huchambuliwa fani na maudhui. Barua hutumiwa kama ghala la habari tu. Mwanahistoria huchota humo tarehe, mwandishi wa wasifu huchota mambo ya nyumbani, na salamu huachwa kama makapi. Makala haya yanadai kwamba punje imo katika makapi hayo.

Waswahili husema barua ni nusu ya kuonana. Yafaa izingatiwe kwamba hawakusema nusu ya kuarifiana. Watu wa pwani wakionana hawaanzi na haja. Huanza kwa kujuliana hali. Barua za kale zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, kama zile zilizomo katika mkusanyo wa C. G. Büttner wa mwaka 1892, zilifuata adabu hiyo. Mwandikiwa hutajwa kwa sifa za heshima, huulizwa hali, na ndipo haja itokeapo. Huenda msomaji wa leo akaziona kanuni hizo kuwa kavu. Hata hivyo, kwa vile wote wawili wanazijua, kila badiliko dogo lina maana. Sifa moja ikipunguzwa, mpokeaji hujiuliza amekosa nini. Salamu ikirefushwa, hujua amekumbukwa. Ndivyo vina na mizani vinavyomfaa mshairi: kifungo ndicho kinachomwezesha kusema.

Shaaban Robert alimwandikia ndugu yake mdogo, Yusuf Ulenge, kwa muda wa miaka 27. Barua hizo, zilizohaririwa na M. M. Mulokozi, zilichapishwa na TUKI mwaka 2002 kwa jina la Barua za Shaaban Robert 1931-1958. Ni kawaida kuzisoma ili kumwelewa mtunzi wa Kusadikika. Usomaji huo ni halali, lakini haueleweshi kwa nini mtu mwenye kazi ya ukarani na vitabu vya kutunga aliendelea kuandika hivyo kwa robo karne na zaidi. Udugu wenyewe ulikuwa ukitendwa katika kuandikiana.

Inaweza kupingwa kwamba utamu wa barua umo katika mwandiko, kwani jicho humtambua mpenzi kwa hati yake kabla bahasha haijafunguliwa. Hoja hii ina ukweli, na chapa haiwezi kuurudisha mwandiko huo. Lakini barua nyingi ziliandikwa na mkono wa kuazima, zikasomwa kwa sauti na mtoto wa shule mbele ya bibi asiyejua kusoma. Hati haikuwa ya mtumaji. Salamu zilikuwa zake. Bibi alingoja mwishoni, majina ya wa kusalimiwa yalipotajwa moja moja, asikie la kwake. Aliyesahauliwa alinuna siku nzima.

Leo simu ya mkononi imetwaa kazi ya kupasha habari, na barua zilizobaki zinaliwa na mchwa masandukuni. Wanaozikusanya wasikate salamu ili kuokoa karatasi. Habari za barua zilichakaa zamani: karo imelipwa, mahindi yamevunwa, mgonjwa amepona au amezikwa. Kilichobaki kikiwa kizima ni kule kuulizana hali.