Kaburi Lisilo na Alama Linavyotambuliwa

Shimo likishachimbwa na kufukiwa, udongo wake haurudi kuwa ulivyokuwa. Matabaka yaliyojipanga kwa karne nyingi huvurugwa na kurudishwa yamechanganyika. Udongo uliojaziwa hubaki mwepesi zaidi, na rangi yake huachana na ile ya kuta za shimo. Tofauti hiyo inaweza kudumu maelfu ya miaka. Ndiyo anayoitafuta mwanaakiolojia anapotaka kujua kama mifupa aliyoikuta ni ya mtu aliyezikwa, au ya mtu aliyefia hapo tu akafunikwa na vumbi. Jiwe la kaburi, ambalo mgeni hulitazama kwanza, ni ushahidi dhaifu kuliko shimo.

Udhaifu wa jiwe unaonekana wazi Athens. Katika makaburi ya Kerameikos, penye malango ya mji wa kale, familia zenye uwezo zilisimamisha mabamba ya marumaru yaliyochongwa sura za marehemu. Bamba la Hegeso, la karibu mwaka 400 K.K., linamwonyesha mwanamke ameketi akitoa kipambo katika kisanduku alichoshikiwa na mtumishi. Lakini mawe huhama. Baada ya Waajemi kufukuzwa mwaka 479 K.K., Waathene waliujenga upya ukuta wa mji mbiombio kwa uongozi wa Themistocles, wakang'oa hata mawe ya makaburi na kuyapachika ukutani. Wachimbaji wa zama hizi wameyakuta humo, hayana tena uhusiano na mifupa yoyote. Baadaye, karibu mwaka 317 K.K., Demetrius wa Phaleron alipiga marufuku makaburi ya fahari, na vinguzo vifupi visivyo na sanamu vikashika nafasi yake. Kwa hiyo umbo la alama husaidia kukadiria umri, mradi alama yenyewe iwe bado mahali pake.

Pwani ya Kenya ina mawe yake. James Kirkman alipoanza kuchimba Gedi mwaka 1948, alipata huko kaburi lililochorwa mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Tarehe kama hiyo ni nadra, na kwa mtafiti ni nukta imara ya kupangia umri wa vigae na majengo ya jirani. Makaburi ya nguzo ya Malindi, Mnarani, Mambrui na Takwa hayasomeki kwa urahisi namna hiyo. Yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo juu ya marundo ya kuni. Katika baadhi yake, mabakuli ya kaure kutoka China yalipachikwa kwenye lipu. Mengi yamekwisha kubanduliwa na wezi, yamebaki matundu ya duara tu. Hata pale bakuli lilipobaki, halitoi tarehe ya mazishi. Linasema tu kwamba nguzo haikujengwa kabla bakuli halijatengenezwa. Chombo cha thamani kinaweza kukaa kabatini vizazi viwili vitatu kabla hakijafika kaburini.

Chini ya jiwe, mkao wa mwili hueleza zaidi. Maiti wa Kiislamu hulazwa kwa ubavu wa kuume, uso ukielekea kibla, na kwa kuwa Makka iko karibu kaskazini kabisa ya Malindi, kichwa huwa mashariki. Mifupa iliyolala hivyo inatambulika hata kaburi likiwa halina nguzo wala maandishi.

Kwenye miteremko ya Mlima Kenya, mchimbaji hana hata ushahidi huo. Kabla ya misheni na utawala wa kikoloni, Wameru na Waembu walio wengi hawakuzikwa. Maiti alipelekwa porini, fisi wakammaliza. Kaburi lilikuwa la wachache, hasa wazee wenye heshima na mali. Isitoshe, udongo mwekundu wa volkano una asidi, na asidi hula mifupa. Anayechimba msingi wa nyumba mtaani Dallas, mjini Embu, asipokuta kaburi la kale hajathibitisha kwamba hapakuwa na watu. Amethibitisha tu kwamba desturi na udongo vilishirikiana kufuta nyayo.

Mambo ni tofauti katika pango la Panga ya Saidi, Kaunti ya Kilifi, ambako mwamba ni wa chokaa. Hapo hapakuwa na jiwe la alama, wala maandishi, wala kumbukumbu ya mtu yeyote. Uchimbaji ulioshirikisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya ulianza mwaka 2010. Mwaka 2013 zilionekana dalili za shimo na vipande vya mifupa ukutani mwa handaki, na mwaka 2017 shimo zima likafunuliwa, karibu mita 3 chini ya sakafu ya sasa ya pango.

Tatizo la kwanza lilikuwa la mikono. Mifupa ilikuwa imeoza kiasi kwamba kila kilichoguswa kilielekea kuwa unga. Wachimbaji waliacha kuitoa mmoja mmoja. Walikata donge zima la udongo, wakalifunga kwa plasta kama mguu uliovunjika, wakalipeleka Nairobi na hatimaye Burgos, Hispania, kwenye maabara ya CENIEH iliyokuwa ikiongozwa na María Martinón-Torres. Meno mawili yaliyojitokeza juu ya donge ndiyo yaliyoanza kuashiria kwamba aliyemo ni binadamu. Picha za eksirei za pande zote zikaonyesha yaliyokuwa ndani bila kulivunja donge: fuvu na taya, uti wa mgongo na mbavu, vingi bado vimeungana. Alikuwa mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, na watafiti wakamwita Mtoto.

Hoja ya mazishi ilijengwa kwa vitu vidogo. Udongo wa ndani ya shimo ulitofautiana na wa pembeni. Mifupa iliyoungana ilimaanisha kwamba mwili ulifukiwa upesi, na kemia ya udongo ilionyesha kuwa nyama iliozea hapohapo. Mtoto alilala kwa ubavu wa kuume, magoti yamekunjwa kifuani. Mfupa wa bega na mbavu za juu vilikuwa vimebanwa kwa ndani, dalili ya mwili uliozongwa kwa kitu mfano wa sanda. Kichwa pamoja na pingili za shingo kilikuwa kimeanguka kwa namna inayoashiria mto uliooza chini yake. Ubavu huo wa kuume, bila shaka, hauhusiani na kibla.

Umri ulipatikana kwa kupima ni lini chembe za mchanga zilipigwa na mwanga mara ya mwisho, kwa kuwa kipimo cha kaboni hakivuki sana miaka 50,000. Jibu lilikuwa kama miaka 78,000. Taarifa ilitoka katika jarida la Nature mwezi Mei 2021, na hadi hapo hayakujulikana mazishi ya binadamu wa sasa ya kale zaidi barani Afrika.

Mwaka 2023 watafiti wa mapango ya Rising Star, Afrika Kusini, walitangaza kwamba Homo naledi, jamaa wa kale wa binadamu, walizika maiti wao zaidi ya miaka 200,000 iliyopita. Wakosoaji waliuliza swali lilelile lililojibiwa Kilifi: kingo za shimo ziko wapi, na udongo uliojaziwa unatofautiana vipi na ule wa kando?