Foto za Zamani za Wagenia: Sura Ziko, Majina Hayapo

Mtu akifungua albamu za wasafiri waliopita hapa kwetu zamani, mji ungali ukiitwa Stanleyville (jina lilibadilishwa mwaka 1966), anakutana na foto ileile: maporomoko, miti mirefu imesimikwa kati ya mawe, na wavuvi Wagenia juu yake. Foto hizo tunazipenda, hata ukutani tunazitundika. Lakini inafaa pia kuzipima.

Tuanze na apareyi yenyewe. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ilianza kuuza Brownie, kisanduku cha karatasi ngumu, bei yake dolari moja. Lenzi haisogei, mwendo wa kupiga ni mmoja tu: unabonyeza, basi. Apareyi ya namna hiyo inadai jua kali, na kitu cha karibu haikioni vizuri. Ndiyo sababu katika foto za aina hii watu wamekunja nyuso, maji yanayokimbia yamegeuka ukungu mweupe, na giza la nyumba au la pori halimo kabisa. Aliyeziangalia kule Ulaya angedhani Kongo ni mto, jua na masua tu. Kumbe wakati wa Léopold II taabu kubwa ya watu ilikuwa porini, kwenye kazi ya mpira.

Lakini tusiilaumu mashine kwa kila kitu. Ufundi wa wazee wetu inauonyesha vizuri: vile vikapu vikubwa vya mtego, zile kamba za msituni, zile nguzo zinazoshindana na maji. Hapo msafiri ametusaidia bila kujua. Kisha chini yake akaandika "wavuvi Wagenia", akanyamaza. Huyu baba ni nani? Wa ukoo gani? Hakuuliza. Na kuandika jina la mtu hakudai jua wala lenzi nzuri.

Linganisheni na foto aliyoipiga Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, kule Baringa, Mei 1904. Yeye alitumia apareyi ya vioo, si kisanduku. Baba mmoja ameketi barazani, anatazama mkono na mguu wa binti yake aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Baba ni Nsala, mtu wa Wala. Mtoto ni Boali. Foto hiyo ilionyeshwa Ulaya na Marekani, ikasaidia kampeni iliyomfanya Léopold aiachie Kongo mwaka 1908. Nguvu yake haitoki kwenye ukatili peke yake: anayeitazama anajua anamlilia nani.

Basi, ndugu msomaji, kama nyumbani iko foto ya koko wako, igeuze. Andika nyuma jina, mahali na mwaka, wakati wazee wa kuulizwa bado wapo. Foto isiyo na jina, vikipita vizazi viwili, inakuwa kama ile ya msafiri: mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe.